Divai Mpya na Viriba Vikuukuu: Bwana Alimaanisha Nini?

Miongoni mwa mifano ya Bwana wetu Yesu Kristo, ule wa divai mpya na viriba vikuukuu ni mmojawapo wa iliyo mifupi kabisa. Unapatikana katika Injili tatu: Mathayo 9:14-17, Marko 2:18-22 na Luka 5:33-39. Hauna kisa chenye mwanzo na mwisho kama kile cha Mwana Mpotevu, wala Bwana mwenyewe hakuufafanulia wanafunzi wake faraghani kama alivyofanya kwa mfano wa Mpanzi. Ni picha mbili tu za nyumbani, kiraka na kiriba. Pengine ufupi huo ndio uliotufanya kila mmoja wetu auvutie upande wake.

Nimewahi kuusikia ukitumika katika kikao cha halmashauri ya parokia ili kumwondoa katekista mzee. Kijana mmoja msomi alisimama, akafungua Biblia, akausoma mfano huu polepole, kisha akaketi bila kuongeza neno. Hakuhitaji kuongeza. Mzee alielewa kwamba kiriba kikuukuu ni yeye. Nimeusikia pia ukitumika upande wa pili, na watu wasiopenda nyimbo za vijana, wakidai kwamba divai ya ulimwengu huu isimiminwe katika kiriba cha Kanisa. Matumizi yote mawili yana kasoro ileile: hayaanzi pale Injili inapoanzia.

Swali lilihusu kufunga

Injili inaanzia mezani. Mtoza ushuru Lawi, ambaye Injili ya kwanza inamwita Mathayo, ameitwa na Yesu, ameiacha meza ya forodha, na sasa nyumbani kuna karamu ambayo wamealikwa watoza ushuru wenzake na watu wengine waliohesabiwa kuwa wakosefu. Katika mazingira hayo linaulizwa swali: kwa nini wanafunzi wa Yohane Mbatizaji hufunga, na wafuasi wa Mafarisayo vilevile, lakini wanafunzi wa Yesu wanakula na kunywa?

Kwa Mathayo, wanaouliza ni wanafunzi wa Yohane wenyewe. Jambo hilo lisitupite. Hawa si maadui wa Bwana waliokuja kumtega. Mwalimu wao amekwisha kutiwa gerezani (Mathayo 4:12), nao wamebaki na funga zao kama yatima walioachiwa wosia. Swali lao lina uchungu ndani yake. Mtu anapouliza kwa nini ninyi mnakula ilhali sisi tunafunga, mara nyingi anauliza kama mateso yake yana maana yoyote.

Tuitazame desturi yenyewe. Sheria ya Musa iliamuru funga ya siku moja tu kwa mwaka kwa watu wote, yaani Siku ya Upatanisho (Walawi 16:29-31). Baada ya Yerusalemu kuangamizwa na Wababeli ziliongezeka funga nyingine za maombolezo, na nabii Zekaria anazitaja nne kwa miezi yake (Zekaria 8:19). Mafarisayo wacha Mungu walikwenda mbali zaidi, wakafunga mara mbili kwa juma, kama anavyojisifu yule Farisayo hekaluni (Luka 18:12). Kutokana na Didake, maandiko ya Kikristo ya zamani sana, twajua kwamba siku zenyewe zilikuwa Jumatatu na Alhamisi. Tusiwacheke. Kufunga huko kulitokana na mapendo kwa Mungu na hamu ya kuuona wokovu wa Israeli. Wengi wetu tunaowaita Mafarisayo wanafiki hatujawahi kufunga siku mbili mfululizo.

Yesu hajibu kwamba kufunga ni kitu cha kale kilichopitwa na wakati. Anajibu kwa kuuliza kama inawezekana walioalikwa arusini wafunge wakati bwana arusi yupo pamoja nao. Jibu hilo linabeba uzito mkubwa kuliko linavyosikika masikioni mwetu. Katika Maandiko ya Agano la Kale bwana arusi wa Israeli ni Mungu mwenyewe: nabii Hosea alitumia ndoa yake kulieleza Agano, na Isaya alitangaza kwamba Mungu ataifurahia Sayuni kama bwana arusi anavyomfurahia bibi arusi wake (Isaya 62:5). Yohane Mbatizaji naye alijiita rafiki wa bwana arusi (Yohane 3:29), hivyo wanafunzi wake walipaswa kulitambua neno hilo mara walipolisikia. Yesu anawaambia kwamba Yule mliyekuwa mkifunga ili aje, amekuja, na yupo mezani.

Kisha anaongeza kwamba zitakuja siku ambapo bwana arusi ataondolewa kwao, na hapo watafunga. Kwa hiyo funga inabaki, ila inapata sababu mpya. Waliofunga wakimngojea Masiya asiyejulikana, sasa watafunga kwa sababu wanamjua, na wameuona Msalaba wake.

Hapa ndipo mfano wetu unapozaliwa. Divai mpya haikuwa mtindo mpya wa ibada, wala kizazi kipya, wala uongozi mpya. Ni uwepo wa Kristo, na ushirika na Mungu unaoletwa naye. Mtakatifu Irenei wa Lyon, katika karne ya 2, alishikilia kwamba ukiuliza ni kipya gani Bwana ameleta, jibu halitapatikana nje ya nafsi yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeahidiwa tangu zamani. Anayeutumia mfano huu bila kumtaja Bwana arusi ametoa divai na kubaki na ngozi.

Kiraka na kiriba

Picha ya kwanza ni ya kiraka. Mwinjili Marko anazungumzia kipande cha nguo ambayo haijapita kwa fundi dobi, yaani haijalowekwa na kukandwa mpaka ikae sawa. Akina mama wanaoshona wanalijua jambo hili: kitambaa kipya cha pamba kikifuliwa mara ya kwanza, kinarudi. Ukikishona juu ya gauni lililokwisha kufuliwa mara mia, siku ya kufua kiraka kitarudi, gauni halitarudi, na uzi utaung'ang'ania ule uchakavu na kuupasua zaidi. Luka anaipeleka picha mbele kidogo. Kwake yeye mtu anakata kiraka kutoka katika vazi jipya ili atie kwenye vazi kuukuu. Basi ameliharibu jipya, na kiraka chenyewe hakilingani na la zamani.

Picha ya pili ni ya kiriba. Neno hili limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na wasafiri wa misafara na mabaharia wa pwani yetu walilijua vema, maana maji yao ya kunywa yalisafiri katika viriba. Kule Palestina mbuzi alichunwa ngozi nzima bila kupasuliwa tumbo, ngozi ikatengenezwa, miguu ikafungwa, na shingo ikawa mdomo wa chombo. Divai changa ilipotiwa humo ilikuwa bado inachacha. Chachu hugeuza sukari ya zabibu kuwa kileo, na papo hapo hutoa hewa ya ukaa inayosukuma kila upande. Ngozi mpya ina ulaini, nayo hutanuka pamoja na divai. Ngozi iliyozeeka imekwisha kutanuka mpaka kikomo chake, imekauka, na hasa ikiwa ilitundikwa penye moshi, imekuwa ngumu kama gome. Zaburi ya 119, mstari wa 83, inamlinganisha mtu aliyechoka kwa kungoja na kiriba kilichowekwa katika moshi. Elihu katika kitabu cha Ayubu (32:19) anasema tumbo lake limejaa maneno kama divai isiyopata pa kupumulia, iliyo karibu kupasua viriba. Wagibeoni, walipotaka kumdanganya Yoshua kwamba wametoka nchi ya mbali, walibeba viriba vilivyopasuka na kushonwashonwa (Yoshua 9:4). Wasikilizaji wa Yesu hawakuhitaji maelezo.

Nasi hatuyahitaji sana. Anayeishi pwani anajua kwamba tembo la mnazi lililogemwa asubuhi halifungwi kizibo kwa nguvu. Wa Njombe na Iringa anajua hivyo kuhusu ulanzi. Mgema hatafuti chombo kizuri kwa macho. Anatafuta chombo ambacho pombe itaweza kupumua ndani yake.

Sasa yatazamwe maneno yenyewe kwa makini. Bwana anasema kwamba divai mpya ikitiwa katika viriba vikuukuu, divai inamwagika na viriba navyo vinaharibika. Anahesabu hasara mbili. Wahubiri wengi, nami sijitoi, hulilia divai tu. Lakini mwenye nyumba katika mfano huu hakufurahi kuona kiriba cha babu yake kikipasuka, wala mwenye vazi kuukuu hakutaka lichanike. Alitia kiraka kwa sababu alilipenda vazi lile na alitaka liendelee kuvaliwa. Hakuna katika mfano huu mahali panapoagizwa viriba vya kale vitupwe. Kiriba kikuukuu kina kazi yake, kwa sababu divai iliyokwisha kutulia hukaa humo salama. Kilichokatazwa ni kukitwika mzigo usio wake, kwa sababu ya uvivu wa kutafuta kingine.

Mathayo anaongeza maneno machache ambayo wenzake hawana, kwamba vyote viwili vinahifadhiwa. Kwa sarufi ya Kigiriki vyote viwili hapo ni divai mpya na viriba vipya. Hata hivyo ni Mathayo huyuhuyo anayetupa neno la Bwana kwamba hakuja kuitangua Torati (5:17), na mfano wa mwandishi aliyefundishwa mambo ya Ufalme, anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya kale (13:52).

Marcion

Kanisa lililazimika kuuelewa mfano huu mapema. Kunako mwaka 140 alifika Roma tajiri mmoja mwenye meli, Marcion wa Sinope, kutoka pwani ya Bahari Nyeusi. Alilitolea Kanisa la Roma fedha nyingi, kisha akawauliza wazee wa Kanisa hilo maana ya kiraka kipya na viriba vikuukuu. Alikuwa na jibu lake tayari: Mungu wa Agano la Kale ni mwingine, mkali na wa chini, na Baba wa Yesu Kristo ni mwingine asiyehusiana naye kabisa. Vitabu vya Kiyahudi ni kiriba kikuukuu, vitupwe. Wazee wa Roma hawakukubali. Mwaka 144 alitengwa na fedha zake akarudishiwa. Alianzisha madhehebu yake yenye Injili moja tu, ya Luka, tena iliyokatwakatwa, pamoja na barua kumi za Mtakatifu Paulo.

Tertuliani wa Karthago alimjibu kwa picha ya shambani: tunda hutengana na mbegu, lakini limetoka katika mbegu hiyo. Injili imekuwa kitu kingine kuliko Torati kwa njia ya kukua. Ukiing'oa mbegu ukidai unalitetea tunda, utabaki bila tunda.

Nalitaja tukio hili la zamani kwa sababu moyo wa Marcion haujafa. Unaonekana kila mara Mkristo anapodhani kwamba ili Kristo awe mpya, lazima kila kilichomtangulia kiwe kibaya. Vijana wetu wanaohama kwenda vikundi vinavyowaambia kwamba miaka yao yote ya katekesimu, rozari na Komunyo ya Kwanza ilikuwa giza tupu, wanauziwa divai ya Marcion. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno la kuonya juu ya jambo hilo: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kiriba kilichotafutwa Yerusalemu

Lakini ipo hatari ya upande wa pili, nayo ilijitokeza ndani ya Kanisa lenyewe kabla ya Marcion kuzaliwa. Wayahudi waliomwamini Kristo walifika Antiokia wakafundisha kwamba watu wa mataifa hawawezi kuokoka bila kutahiriwa kufuatana na desturi ya Musa. Walikuwa na hoja nzito. Tohara haikuwa mtindo wa juzi. Ilikuwa alama ya Agano tangu Abrahamu. Mitume na wazee walikutana Yerusalemu (Matendo 15). Petro alisimulia jinsi Roho Mtakatifu alivyowashukia watu wa nyumba ya Kornelio wasiotahiriwa, akauliza kwa nini wawatwike wanafunzi nira ambayo wao na baba zao hawakuweza kuichukua. Yakobo, aliyeipenda Torati kuliko wengi, alithibitisha jambo hilo kwa maneno ya nabii Amosi. Mataifa hawakulazimishwa kutahiriwa. Waliombwa wajiepushe na mambo machache, hasa yale ambayo yangewazuia Wakristo wa asili ya Kiyahudi kukaa nao meza moja.

Huo ni mfano wa divai na viriba ukitekelezwa. Hawakusema Musa amekosea. Hawakuwalazimisha Wayahudi waache desturi za wazee wao. Walitafuta chombo ambamo Wayahudi na wasio Wayahudi wangekula pamoja. Na haikwenda bila maumivu: Paulo anasimulia katika Wagalatia 2 jinsi baadaye alivyompinga Petro uso kwa uso huko Antiokia, pale Petro alipoanza kujitenga na meza ya mataifa kwa kuwaogopa waliotoka Yerusalemu. Mtume anaweza kukubali kiriba kipya katika mkutano na kukiogopa mezani.

Kufunga pia kulipata kiriba chake. Didake inawaagiza Wakristo waache Jumatatu na Alhamisi, wafunge Jumatano na Ijumaa. Mtu wa haraka ataona kwamba wamebadilisha kalenda tu. Lakini Ijumaa ndiyo siku ambayo Bwana arusi aliondolewa. Tendo ni lilelile la zamani, mara mbili kwa juma, nalo sasa limejazwa kumbukumbu ya Msalaba.

Baadaye Kanisa limeendelea kupima lipi ni divai na lipi ni ngozi. Mfano ulio wazi kabisa, na ambao bibi zetu wanaukumbuka, ni funga ya kabla ya Komunyo. Zamani aliyetaka kukomunika hakula wala kunywa chochote, hata maji, tangu usiku wa manane. Mwaka 1953 Papa Pius wa XII aliruhusu maji. Mwaka 1957 alipunguza muda uwe saa tatu. Mwaka 1964 Mtakatifu Paulo wa VI aliufanya saa moja, na ndivyo inavyoamuru kanuni 919 hadi leo. Je, heshima kwa Ekaristi Takatifu ilibadilika? Haikubadilika katika sheria. Lengo la Pius wa XII lilikuwa kuwawezesha watu wengi zaidi, wakiwemo wagonjwa na wafanyakazi, kukomunika mara nyingi, na kuruhusu Misa za jioni. Kama sisi tumeigeuza saa moja kuwa sababu ya kuingia kanisani na bigijii mdomoni, hilo ni letu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliweka kanuni hiyo wazi katika Hati juu ya Liturujia, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963. Katika namba 21 unafundisha kwamba liturujia ina sehemu isiyobadilika, kwa kuwa imewekwa na Mungu, na sehemu zinazoweza kubadilika, tena zinazopaswa kubadilika zikiwa zimeingiliwa na mambo yasiyopatana na asili yake. Namba 22 inakataza mtu yeyote, hata akiwa padre, kuongeza, kupunguza au kubadilisha jambo katika liturujia kwa mamlaka yake mwenyewe. Na namba 23 inataka mabadiliko yafanyike tu pale manufaa ya kweli ya Kanisa yanapodai, na namna mpya zichipue kutoka katika zile zilizopo. Mambo haya matatu yasomwe pamoja. Wapenda mapya husoma ya kwanza, wapenda ya kale husoma ya pili, na ya tatu haina msomaji.

Afrika imezaa matunda ya kanuni hiyo. Tarehe 31 Julai 1969, mjini Kampala, Paulo wa VI aliwaeleza maaskofu wa Afrika kwamba Ukristo wenye sura ya Kiafrika ni haki yao na wajibu wao, huku imani ikibaki ile moja ya Kanisa. Katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, maaskofu wakiwemo Kardinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa walifanya kazi kwa miaka mingi mpaka Roma ikaidhinisha Misale yao tarehe 30 Aprili 1988. Ni liturujia ya Kiroma, lakini wahenga waadilifu wanaombwa waungane na kusanyiko pamoja na watakatifu, na tendo la toba pamoja na kutakiana amani hufuata baada ya Neno la Mungu kusikilizwa, kwa maana kwao mtu husikiliza kwanza ndipo akajua alipokosea. Na huku kwetu, katika mikutano ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa njia kuu ya kichungaji. Sisi tuliozaliwa baada ya Mtaguso tumezikuta, tukadhani zilikuwepo siku zote. Zilikuwa kiriba kipya. Leo miaka karibu hamsini imepita, na ni haki kuuliza katika kila mtaa kama kiriba hicho bado ni laini, au kama Jumuiya imebaki mahali pa kukusanya michango na kusoma majina ya wasiohudhuria.

Swali hilo linamhusu kila mpenda mabadiliko. Kiriba kipya hakibaki kipya. Chama, kwaya au kikundi cha sala kilichoanzishwa juzi kwa moto wa Roho kinaweza kukauka ndani ya miaka kumi na kuwa kigumu kuliko Moyo Mtakatifu wa bibi zetu. Nimeona wazee wa miaka themanini walio laini mbele ya Mungu kama ngozi iliyotoka kutengenezwa, na vijana ambao huwezi kuwaambia neno. Mwenye kudhani kwamba mfano huu ni ugomvi wa umri hajauelewa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hakiponi kwa kuwa kipya.

Mstari ambao Luka peke yake anao

Luka anamalizia mfano kwa neno linalowasumbua wafafanuzi: hakuna mtu aliyekunywa divai ya zamani akatamani ile mpya, kwa maana husema ya zamani ndiyo nzuri (5:39). Katika baadhi ya miswada ya kale mstari huu haumo. Unaonekana kwenda kinyume na yote yaliyotangulia.

Wafafanuzi wengi huusoma kama lawama: Bwana anaeleza kwa nini wenye dini ya zamani hawamkubali. Inawezekana. Mimi nasikia pia huruma ndani yake. Anayejua divai anajua kwamba ya zamani kweli ni laini kinywani, na ile changa inakereketa. Yesu haficha jambo hilo. Mtu aliyelelewa na Torati, aliyefunga Jumatatu na Alhamisi tangu ujana wake na kuonja humo wema wa Mungu, hawezi kuacha ladha hiyo kwa siku moja, na Bwana analifahamu. Wale wanafunzi wa Yohane waliouliza swali walikuwa watu wa namna hiyo. Hawakufukuzwa. Baadaye, Yohane alipokatwa kichwa, walimzika mwalimu wao, kisha wakaenda kumpasha habari Yesu (Mathayo 14:12). Hawakuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Wanaoongoza parokia, vigango na Jumuiya wangefaa kuusoma mstari huo kabla ya kutangaza badiliko lolote, liwe la saa za Misa, la kitabu cha nyimbo au la uongozi. Wanaotakiwa kubadilika wamekunywa kitu kizuri. Yafaa waambiwe hivyo kwa maneno, na wapewe muda, na waelezwe divai gani inakuja, kwa sababu mara nyingine tunabadilisha kiriba na hakuna divai yoyote iliyo tayari kutiwa. Nao wanaopinga wana deni lao: waseme wanachotetea ni nini hasa. Kama ni Kristo, tuketi tuzungumze. Kama ni kiti, basi tuseme ni kiti.

Kuhusu kufunga kwenyewe, ambako mfano ulianzia, sheria ya sasa ya Kanisa ni nyepesi. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni siku za kufunga na kujinyima nyama. Ijumaa za mwaka mzima ni siku za toba, na kujinyima nyama au chakula kingine kufuatana na maagizo ya Baraza la Maaskofu, isipokuwa zikiangukia sherehe kuu (kanuni 1249-1253). Sheria ya kujinyima inawabana waliotimiza miaka 14, na ile ya kufunga inawabana waliotimiza miaka 18 mpaka waanzapo mwaka wa 60 wa umri wao. Paulo wa VI alipozipunguza siku hizo, katika waraka wake wa tarehe 17 Februari 1966, alieleza kwamba toba yapaswa kuonekana pia katika sala na matendo ya mapendo. Siku za wajibu zimepungua ili nafasi ya hiari iongezeke. Ijumaa inayofuata Jumatano ya Majivu Kanisa husoma Mathayo 9:14-15, na huishia hapo, kwenye Bwana arusi kuondolewa, kabla ya kufika kwenye kiraka na viriba.